Jani la Nyanya Limeanza Kuugua Wapi?

Masika yakishika kasi, simu yangu hujaa picha za majani ya nyanya. Nyingi zimepigwa jioni kwa mwanga hafifu, jani moja limeshikwa kwa vidole viwili, na chini yake swali ni lile lile: "Huu ni ugonjwa gani, na nipige dawa gani?" Jibu langu huwaudhi wengi, maana nami hujibu kwa swali: limeanzia wapi? Majani ya chini, ya juu, au mti mzima kwa pamoja?

Siulizi kwa kukusumbua. Jani lililochumwa likaletwa peke yake ni kama shahidi aliyekuja barazani bila kusikia kesi. Doa la kahawia ni doa la kahawia; magonjwa manne au matano huliacha. Yanayoyatenganisha ni mahali yalipoanzia, kasi yake, na kilichoko upande wa chini wa jani, ambao watu hawaupigi picha.

Makala haya ni ya mwenye minyanya kumi au ishirini nyumbani, au viroba sita nyuma ya jiko. Mwenye ekari Ilula au Mwea ana hesabu nyingine za pampu na vibarua. Wewe una jambo ambalo yeye hana: unaweza kuutazama kila mti, kila asubuhi, kabla chai haijapoa.

## Kagua kwanza, tena asubuhi

Umande ukiwa bado haujakauka, zunguka bustani ukiwa na macho tu. Kwa kila mti unaoutilia shaka, fuata mpangilio huu:

1. Simama hatua tatu nyuma. Tatizo liko chini, juu, upande mmoja au kote? Ni mti mmoja au safu nzima?
2. Geuza jani. Angalia kama kuna unga, manyoya meupe, utando, vidudu au mayai.
3. Inua jani mbele ya jua. Mwanga ukipita kama kwenye karatasi ya nailoni, kuna mdudu aliyekula nyama ya jani na kuacha ngozi zake mbili.
4. Pitisha macho kwenye shina na vikonyo. Mabaka meusi ya shina ni habari nzito kuliko madoa kumi ya jani.
5. Jiulize hali ya hewa ya siku tano zilizopita ilikuwaje, na ni nini ulikibadilisha: mbolea, kumwagilia, kupogoa, au jirani kupulizia shamba lake.

Piga picha mbili, ya mti mzima na ya upande wa chini wa jani, kisha rudia baada ya siku mbili. Kasi ya ugonjwa utaisoma vizuri zaidi kwenye picha hizo kuliko kwenye kumbukumbu yako.

Nasisitiza hatua ya pili kwa sababu iliwahi kunigharimu. Msimu mmoja hapa Morogoro, minyanya yangu ilianza kupauka na kugeuka rangi ya shaba. Nilikwenda duka la pembejeo na jani mkononi, nikauziwa dawa ya ukungu, nikaipiga wiki tatu mfululizo. Mti ulizidi kukauka. Siku niliyogeuza jani, chini yake kulikuwa na utando mwembamba na vidudu vyekundu vidogo kuliko punje ya chumvi. Ulikuwa utitiri, na utitiri haufi kwa dawa ya ukungu. Muuzaji sikumlaumu sana. Alipewa jani moja, akajibu kwa jani moja.

## Yanayoanzia chini na kupanda taratibu

Majani ya chini ndiyo makongwe, ndiyo yanayorushiwa matone ya udongo mvua inapopiga, na ndiyo yanayochelewa kukauka. Magonjwa mengi ya madoa huanzia hapo.

Bakajani tangulia. Huu ndio wageni wengi wa bustani za nyumbani huanza kuujua. Doa ni la kahawia iliyokoza, na ndani yake kuna duara ndani ya duara, kama ubao wa mti uliokatwa kwa msumeno. Pembeni yake jani hugeuka njano. Doa hukua hadi sentimita moja au zaidi, madoa huungana, jani hukauka na kuning'inia. Ukungu huu hupenda joto, karibu nyuzi 24 hadi 29, pamoja na umande au mvua za mara kwa mara. Kwenye tunda hushika karibu na kikonyo, doa jeusi lililobonyea kidogo.

Unapanda kwa utaratibu: wiki hii majani matatu ya chini, wiki ijayo matano. Ukiwahi kuyakata, unaweza kuvuna hadi mwisho wa msimu. Kuwa na bakajani tangulia si sababu ya kung'oa mti.

Madoa ya septoria. Haya ni madogo na mengi, milimita mbili au tatu, katikati kijivu na ukingo mweusi. Vuta kamera ya simu karibu: utaona vinukta vyeusi katikati ya doa, kama mtu aliyenyunyiza pilipili manga. Vinukta hivyo ndivyo vifuko vya mbegu za ukungu wenyewe. Huja zaidi mti unapoanza kushika matunda, mvua zikiwa nyingi. Matunda yenyewe huyaacha, lakini mti ukibaki uchi, jua huyaunguza.

Madoa ya bakteria. Madogo pia, meusi, kama yamepakwa mafuta, hayana duara za ndani wala vinukta. Kwenye matunda mabichi huacha magamba makavu yenye kukwaruza ukiyapapasa. Hapa dawa ya kawaida ya ukungu haina kazi. Bakteria si ukungu. Mara nyingi huja na mbegu, kisha husambazwa na maji yanayoruka na mikono inayoshika majani yakiwa mabichi.

Ukichanganyikiwa kati ya haya matatu usikose usingizi. Kwa bustani ya nyumbani, hatua za mwanzo zinalingana:

- Kata majani yenye madoa kwa mkasi, mti ukiwa mkavu. Usizidi theluthi moja ya majani kwa mara moja.
- Mti ukishafika kiunoni, ondoa majani yote yaliyo chini ya sentimita 30 kutoka ardhini, hata yenye afya.
- Tandaza nyasi kavu au majani ya migomba kwenye shina ili matone ya mvua yasirushe udongo.
- Mwagilia chini, si juu ya majani, na iwe asubuhi.
- Funga mti kwenye kijiti. Mti unaolala chini huugua hata bila sababu nyingine.

Inchi chache za nyasi kavu zimeniokolea nyanya nyingi kuliko chupa yoyote niliyowahi kununua.

## Bakajani chelewa: hapa usisubiri kesho

Jina lisikudanganye. Unaitwa "chelewa", lakini kwa mwenye bustani huu ndio ugonjwa wa haraka kuliko yote. Ukiingia jioni ya Jumatatu, Jumatatu inayofuata bustani inaweza kuwa imeungua kama iliyomwagiwa maji ya moto.

Dalili zake zisome vizuri:

- Doa halina mpaka unaoeleweka. Ni baka pana la kijani kilichofifia au kijivu, kama jani lililolowa maji, kisha hugeuka kahawia au jeusi.
- Halina duara ndani ya duara.
- Asubuhi yenye unyevu, upande wa chini wa jani, ukingoni mwa baka, kuna manyoya meupe membamba. Jua likichomoza hupotea, ndiyo maana wanaokagua mchana hawayaoni.
- Haungoji kuanzia chini. Unaweza kuanzia katikati au juu.
- Shina na vikonyo hupata mabaka marefu meusi. Tawi hukatikia hapo.
- Tunda bichi huota baka gumu la kahawia, lenye mikunjo, kama limepikwa upande mmoja.

Kimelea chake ndicho kile kile kilichoangamiza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845, na mpaka leo hushambulia viazi mviringo na nyanya kwa pamoja. Kwa hiyo ukiwa na tuta la viazi pembeni ya nyanya, umewaweka ndugu wawili kitanda kimoja, mmoja akiugua mwingine hana pa kukimbilia. Mbegu zake huchukuliwa na upepo kilomita nyingi, kwa hiyo usafi wako peke yako hautoshi; jirani akiacha minyanya iliyokufa shambani, anakutumia mzigo kila siku.

Unapenda baridi na unyevu: usiku wa ubaridi, ukungu wa asubuhi, majani yasiyokauka nusu siku. Wa Lushoto, Njombe, Mgeta na Limuru wanajua ninachosema. Ukiwa pwani kwenye joto la Temeke au Mombasa, usikimbilie kuuhukumu ugonjwa huu. Mshuku mwingine kwanza.

Ukiuona kwenye mti mmoja:

1. Fanya kazi siku hiyo hiyo. Subiri tu majani yakauke umande.
2. Kama mabaka ni machache na shina bado ni safi, kata majani yote yenye dalili na uyatie moja kwa moja kwenye mfuko. Usiyaburute katikati ya mimea mingine.
3. Shina likishapata baka jeusi, ng'oa mti mzima. Najua inauma, hasa ukiwa na matunda. Ng'oa.
4. Ufukie kwenye shimo la nusu mita, au funga mfuko wa plastiki na uuache juani siku kadhaa. Usitupe kwenye lundo la mboji.
5. Kagua iliyobaki kila asubuhi kwa siku kumi.

Dawa zipo, lakini nyingi ni za kuzuia. Jani lililoungua halirudi kijani kwa dawa yoyote, na anayekuahidi hivyo anauza maneno.

## Ncha zinapojikunja

Wakulima wengi Tanzania wanauita ugonjwa huu *rasta*, na jina limekaa: ncha ya mti hufungana, majani mapya huwa madogo, yamejikunja juu kama vijiko, kingo zake njano, na mti hudumaa. Maua hudondoka. Matunda yaliyotangulia huendelea, mapya hayaji.

Hiki ni kirusi, na kinaletwa na nzi weupe. Tikisa mti: wakiruka kama majivu yaliyopulizwa, umempata mhusika. Kirusi hakina dawa, narudia, hakina dawa. Mti ukiupata ukiwa mdogo, hautakuzalia. Ung'oe kabla nzi hawajaubeba ugonjwa kuupeleka kwa wengine. Ukiupata ukiwa tayari una vichane vitatu vya matunda makubwa, na bustani ina miti michache, unaweza kuuacha uvunwe na kisha kuuondoa, ila ujue unafuga chanzo.

Kinachowezekana ni kuzuia nzi, na wakati wa kuzuia ni kitaluni:

- Funika kitalu kwa neti maalumu ya wadudu. Chandarua cha mbu hakitoshi. Matundu yake ni makubwa, nzi weupe hupita wakiimba.
- Tundika vipande vya dumu la njano vilivyopakwa grisi, usawa wa ncha za miti. Njano huwavuta.
- Pulizia mwarobaini au maji ya sabuni chini ya majani, jioni.
- Ng'oa magugu na minyanya ya zamani iliyojiotea yenyewe kando ya bustani.

Lakini si kila jani lililojikunja ni rasta, na hapa ndipo watu hung'oa miti mizima bila hatia.

*Majani ya chini yamejiviringa kama sigara, magumu kidogo, bado ya kijani, na ncha inaendelea kukua vizuri?* Huo si ugonjwa. Ni joto, ukosefu wa maji, au wewe mwenyewe uliyepogoa kwa hasira. Tandaza nyasi, mwagilia kwa mpango, subiri.

*Majani mapya yamekuwa membamba na kusokotana, na wiki iliyopita jirani alipiga dawa ya magugu kwenye mahindi?* Upepo umekuletea sumu. Mti ukiguswa kidogo hupona wenyewe kwa wiki chache. Ukiguswa sana, haurudi.

*Jani lina mabaka ya kijani mpauko na kijani iliyokoza, kama batiki?* Kinaweza kuwa kirusi cha batobato cha tumbaku. Hiki huambukizwa na mikono. Mvutaji wa sigara au mtafuna tumbaku anawe kwa sabuni kabla ya kugusa minyanya. Mzee mmoja alinicheka nilipomwambia hivyo, akasema nyanya zimeanza kuwa na adabu kuliko wajukuu. Alinawa hata hivyo.

## Mti mzima unalala mchana

Majani ni ya kijani, hayana doa, lakini saa sita mchana mti umelegea kama mtu aliyesikia msiba. Jioni unajiinua. Kesho unalala tena, keshokutwa hauinuki. Wengi huongeza maji, na hapo ndipo wanapoharibu.

Kwanza chimbua kidogo: udongo wa chini ni mkavu kweli? Kama umelowa na mti bado umelala, fanya jaribio la glasi:

1. Kata shina karibu na ardhi, kipande cha urefu wa kidole.
2. Kitundike kwenye glasi ya maji safi, ncha iliyokatwa izame kidogo tu.
3. Usiitikise. Tazama kwa dakika chache dhidi ya mwanga.

Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka kutoka kwenye shina, huo ni mnyauko bakteria. Maji yakibaki safi, pasua shina kwa urefu: michirizi ya kahawia chini ya gome, pamoja na majani ya chini yaliyogeuka njano, mara nyingi upande mmoja wa mti, huelekeza kwenye mnyauko fusari, ambao ni ukungu wa udongoni.

Yote miwili haina tiba. Mnyauko bakteria ni mkorofi zaidi kwa sababu hukaa ardhini miaka na hupenda ukoo mzima: nyanya, nyanya chungu, bilinganya, pilipili, hoho, viazi mviringo, mnavu. Ng'oa mti pamoja na udongo wa mizizi, usimwagilie kuelekea kwa wengine, osha jembe na mkasi kwa maji ya jiki (sehemu moja ya jiki kwa tisa za maji), na eneo hilo panda mahindi, mchicha au maharage kwa misimu kadhaa. Mwenye ua mdogo asiye na pa kuhamia apande kwenye viroba, kwa udongo uliotoka mahali ambapo ukoo huu haukupandwa.

Kwa mnyauko fusari kuna nafuu ya mbegu. Herufi zinazofuata jina la mbegu si mapambo: ile "VF" kwenye Roma VF inamaanisha inastahimili minyauko miwili ya ukungu, ya vertisili na ya fusari. Soma pakiti kabla ya kulipa.

## Unga, vumbi na michoro

Ubwiri unga. Mabaka ya njano juu ya jani, na chini yake unga mweupe. Aina nyingine huweka unga juu kabisa, kama jani lililopitiwa na mpishi wa chapati. Tofauti na ndugu zake, huu huja hata kiangazi. Salfa huuzuia vizuri ukiwahi, ila usiipige jua likiwa kali, itaunguza majani.

Utitiri. Vinukta vingi vyeupe, kisha rangi ya shaba, kisha utando. Weka karatasi nyeupe chini ya jani, ligonge mara mbili. Vumbi likianza kutembea, ni wao. Huwa wengi kipindi cha ukame. Wapige maji kwa nguvu chini ya majani, kisha maji ya sabuni, kijiko cha chai kimoja kwa lita, jioni. Jaribu kwanza kwenye jani moja, maana sabuni nyingine ni kali.

Kantangaze. Mdudu huyu asili yake ni Amerika Kusini, alionekana Hispania mwaka 2006, na mwaka 2014 alikuwa ameshafika Kenya na Tanzania. Kiwavi wake hula katikati ya ngozi mbili za jani, akaacha baka pana linalopitisha mwanga, lenye uchafu mweusi ndani. Wengi hudhani ni bakajani wakapiga dawa ya ukungu. Inua jani juani, utamwona mwenyewe akijikunyata. Kama mchoro ni mwembamba na unapinda kama njia ya nyoka, huyo ni inzi mchora majani, ambaye madhara yake si makubwa kwa bustani ndogo. Kantangaze usimvumilie: chuma majani yenye mabaka, yatie kwenye mfuko, fungia juani, kila siku, bila likizo.

## Njaa si ugonjwa

- Majani ya chini yote njano sawasawa, mti mwembamba: naitrojeni imepungua. Ongeza samadi iliyoiva.
- Njano katikati ya mishipa huku mishipa ikibaki kijani, majani makongwe: magnesiamu.
- Kingo za majani makongwe zimeungua kama karatasi: potasiamu.

Njaa huja kwa usawa, kushoto kama kulia. Ugonjwa huja kwa mabaka na upendeleo.

## Ukilazimika kupiga dawa

Mimi si adui wa dawa, ila kwa bustani iliyo hatua tano kutoka jikoni, iwe jambo la mwisho. Zenye shaba husaidia kuzuia madoa ya ukungu na kupunguza kasi ya yale ya bakteria. Ukizitumia kila wiki mwaka mzima, shaba hujirundika udongoni. Mankozebu huzuia bakajani zote mbili, na madukani ndiyo iliyozoeleka zaidi. Ujue tu kwamba Umoja wa Ulaya uliacha kuiidhinisha mwaka 2020 kwa sababu za kiafya. Ukichagua kuitumia, itumie ukijua hivyo.

- Nunua pakiti iliyofungwa yenye lebo. Unga uliopimwa kwenye karatasi au dawa ya chupa ya soda uache dukani.
- Tazama mstari wa rangi kwenye lebo. Nyekundu ndiyo sumu kali zaidi, ikifuatiwa na njano, bluu, kisha kijani. Nyekundu haina nafasi nyuma ya jiko.
- Tafuta idadi ya siku za kusubiri kabla ya kuvuna, uiandike kwenye kalenda ya ukutani ili hata anayetumwa kuchuma nyanya za kachumbari aione.
- Usichanganye dawa mbili kwa kubahatisha, wala usiongeze kipimo.
- Vaa glavu, mikono mirefu na barakoa. Ndoo ya kuchanganyia isirudi bafuni.

Tanzania, viuatilifu husajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Afisa ugani wa kata anaweza kukusaidia kuhakiki. Mpelekee tawi zima kwenye mfuko, lenye jani gonjwa na jani zima, si doa moja lililokatwa.

## Makosa ninayoyaona kila msimu

Kumwagilia jioni kwa kopo juu ya majani ndilo namba moja, na halina mshindani. Majani hulala yamelowa, nawe umewaandalia ukungu kitanda.

Linalofuata ni kubana. Miche huwa midogo siku ya kupanda, mtu huona sentimita 60 kati ya mti na mti ni upotevu wa ardhi. Baada ya miezi miwili haoni hata pa kupitisha mkono.

Mengine kwa ufupi: kupogoa mvua ikinyesha, kuhamisha mkasi kutoka mti mgonjwa kwenda mzima bila kuufuta, kutunza mbegu kutoka kwenye mti ulioumwa, kutumia vijiti vya msimu uliopita bila kuvisafisha, na kupanda nyanya pale pale kila mwaka kwa kuwa "hapo ndipo pana jua".

## Mnayonibishia

"Bibi yangu alinyunyizia majivu na nyanya zilikubali." Sibishani na bibi. Majivu yana potasiamu na huwasumbua baadhi ya wadudu, lakini hayaponyi bakajani. Huenda pia bibi alipanda kwa nafasi, akahama sehemu kila msimu, na mambo hayo hakuna aliyeyahesabu kuwa dawa.

"Mwarobaini hautibu kila kitu?" Kwa wadudu husaidia: nzi weupe, utitiri kiasi, viwavi wadogo. Kwa bakajani chelewa usiutegemee.

"Programu ya simu imesema ni septoria." Vizuri, sasa geuza jani utafute vinukta vyeusi. Vikiwepo, imepatia. Visipokuwepo, nayo imeona jani moja tu, kama yule muuzaji wangu.

"Nikikata majani yote hayo, mti utakula nini?" Jani lililojaa madoa halimlishi mtu. Majani ya juu ndiyo yanayofanya kazi, na yanahitaji hewa.

"Matunda ya mti mgonjwa yanaliwa?" Tunda lisilo na doa wala ulaini linaliwa, kama hukupiga dawa au siku za kusubiri zimepita. Lenye kuoza, hata kidogo, litupe. Ukiwa umeng'oa miti kwa bakajani chelewa, chuma mabichi yote yaliyo safi, yapanguse, yapange juu ya gazeti ndani bila kugusana, na uyakague kila siku, kwa sababu baadhi yatakuwa yameshaambukizwa bila kuonyesha. Yatakayoanza baka la kahawia yatoe haraka. Yatakayobaki magumu na ya kijani baada ya wiki, yakate vipande, yatie chumvi, siki, vitunguu saumu na pilipili mbuzi, uyafunge kwenye chupa. Achari yake hukaa vizuri na pilau.